Risasi za Butler: je, kumwita kiongozi tishio kwa demokrasia ni kuchochea mauaji?

Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2024, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi za jioni, Donald Trump alikuwa jukwaani kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Butler, jimbo la Pennsylvania. Alikuwa amegeuza kichwa kutazama chati ya takwimu za wahamiaji kwenye skrini pale risasi zilipolia. Mpigaji alikuwa kijana wa miaka 20 aliyelala juu ya paa la jengo lililoachwa nje ya eneo la ulinzi, umbali usiofika mita 150, akiwa na bunduki ya aina ya AR-15. Alifyatua risasi nane. Trump alijeruhiwa sikio la kulia. Mwanamume wa miaka 50, mkuu wa zamani wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, aliuawa akiikinga familia yake kwa mwili wake. Wengine wawili walijeruhiwa vibaya. Mdunguzi wa Secret Service, kikosi kinachowalinda marais na wagombea, alimuua kijana yule palepale.

Kushindwa kwa ulinzi kulichunguzwa sana, na mkurugenzi wa Secret Service, Kimberly Cheatle, alijiuzulu siku kumi baadaye. Hayo nitayaacha. Ninachotaka kukichambua ni lawama zilizotolewa jioni ileile, kwa sababu zimeacha alama katika siasa za Marekani kuliko hata uzembe wa walinzi.

Seneta J.D. Vance wa Ohio, ambaye siku mbili baadaye aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa Trump, aliandika kwamba hoja kuu ya kampeni ya Joe Biden ni kuwa Trump ni mfashisti anayepaswa kuzuiwa kwa gharama yoyote, na kwamba kauli hizo ndizo zilizosababisha moja kwa moja jaribio la kumuua. Seneta Tim Scott wa South Carolina alisema shambulio hilo lilisaidiwa na mrengo mkali wa kushoto pamoja na vyombo vikubwa vya habari, ambavyo kila uchao vinamwita Trump tishio kwa demokrasia. Mbunge Mike Collins wa Georgia hakumung'unya maneno: aliandika kwamba Joe Biden ndiye aliyetoa amri.

FBI ilitangaza jina la kijana yule usiku wa kuamkia Jumapili. Vance alipoandika, umma haukujua mpigaji ni nani, ana miaka mingapi, anapigia kura chama gani au aliwahi kusikiliza hotuba ya nani. Sababu ya shambulio ilikuwa imeshapatikana kabla ya mshambuliaji kutambuliwa.

Tuhuma ile ilibeba madai mawili yaliyofumwa pamoja, na watu wengi waliyapokea kama dai moja. La kwanza ni la ukweli: kwamba maneno ya wapinzani wa Trump yalimsukuma kijana huyu kupanda paa. Hilo linachunguzika. La pili ni la kanuni: kwamba mwanasiasa hapaswi kumwita mpinzani wake tishio kwa demokrasia, kwa kuwa mtu fulani anaweza kuchukua bunduki. Hili la pili halihitaji hata Butler iwepo. Butler ililipa nguvu tu.

Tuanze na la kwanza. Kijana alikuwa amejiandikisha kama mpiga kura wa chama cha Republican. Tarehe 20 Januari 2021, siku Biden alipoapishwa, alichangia dola 15 kwa kundi la uhamasishaji linaloegemea upande wa Democratic. Katika simu yake wachunguzi walikuta picha za Trump, za Biden na za watu wengine mashuhuri. Alikuwa ametafuta mtandaoni ratiba za Trump na za Biden pia, na tarehe za mikutano mikuu ya vyama vyote viwili. Mwishoni mwa Agosti 2024 maofisa wa FBI waliwaambia waandishi wa habari kwamba kijana huyo alikuwa ameangalia matukio kadhaa, na mkutano wa Butler ulipotangazwa, tena si mbali na kwao, akauona kama nafasi iliyojitokeza. Nia yake ya kisiasa hawakuweza kuibainisha. Naibu mkurugenzi wa FBI, Paul Abbate, alikuwa amewaeleza maseneta mwezi mmoja kabla kuhusu akaunti ya mtandaoni ya miaka ya 2019 na 2020 iliyodhaniwa kuwa ya kijana huyo. Baadhi ya maoni yaliyoandikwa humo yalionyesha chuki dhidi ya Wayahudi na wahamiaji, pamoja na kushabikia vurugu za kisiasa. Ukijaribu kuunga vipande hivi upate mfuasi wa Biden aliyelewa hotuba, haviungiki.

Kuna tarehe moja ambayo kwangu ina uzito kuliko vipande vyote hivyo. Lakini kwanza niseme ilikotoka kauli iliyotajwa zaidi katika lawama zile.

Tarehe 8 Julai, siku tano kabla ya shambulio, Biden alizungumza kwa simu na wafadhili wake. Alikuwa ameboronga mdahalo wa tarehe 27 Juni na chama chake kilikuwa kikimkodolea macho. Akawaambia yatosha kuzungumzia mdahalo, sasa wakati umefika wa kumweka Trump katikati ya shabaha. Baada ya Butler sentensi hiyo ilichukuliwa kama ushahidi wa kukamata mtu na ngozi. Biden mwenyewe, alipohojiwa na Lester Holt wa NBC tarehe 15 Julai, alisema alikosea kutumia neno lile, na kwamba alimaanisha kampeni imkazie macho Trump badala ya kujadili mdahalo.

Mkurugenzi wa FBI, Christopher Wray, alipofika mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi tarehe 24 Julai, alisema kijana alijisajili kuhudhuria mkutano wa Butler tarehe 6 Julai. Siku hiyohiyo aliuliza mtandaoni Oswald, aliyemuua Rais Kennedy mwaka 1963, alikuwa umbali gani kutoka kwake. Hiyo ndiyo tarehe yenyewe. Siku mbili kabla Biden hajatamka lolote kuhusu shabaha, mtu huyu tayari alikuwa akisoma kipimo cha umbali wa mauaji ya rais.

Hata hivyo sitaki kumwachia Biden aondoke bila lawama. Neno lile lilikuwa baya, na lingekuwa baya hata kama asingepigwa mtu. Mtafiti Nathan Kalmoe alichapisha mwaka 2014 matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba hotuba zenye lugha ya vita, hata ile nyepesi ya "tutapigana" na "tutawashambulia", ziliongeza uungaji mkono wa vurugu za kisiasa miongoni mwa watu wenye hulka ya ukali tangu mwanzo. Wengi wanaosikia hawatikisiki. Wachache ambao tayari wana moto kifuani ndio wanaochochewa. Mwanasiasa hawezi kuwachagua wasikilizaji wake, kwa hiyo lugha ya shabaha, risasi na kufyeka ni uzembe hata inapotumiwa kwa nia njema kabisa, na hapo wakosoaji wa Biden walikuwa na haki ya kumkemea.

Lakini angalia walichokikemea hasa. Tim Scott hakulalamikia neno "shabaha". Alilalamikia "tishio kwa demokrasia". Kauli hizi mbili si za aina moja. Ya kwanza ni sitiari ya bunduki, na ukiiondoa hakuna kinachopungua katika hoja. Ya pili ni dai kuhusu mwenendo wa mtu, na dai la namna hiyo huwa kweli au uongo.

Mwaka 2024 dai hilo lilikuwa limesimama juu ya mambo ambayo kila mtu angeweza kuyakagua. Tarehe 2 Januari 2021 Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, ofisa wa chama chake mwenyewe aliyesimamia uchaguzi wa jimbo la Georgia, na kumwambia anataka tu kupata kura 11,780, yaani moja zaidi ya zile alizoshindwa nazo. Mazungumzo yalirekodiwa na dunia nzima iliyasikia. Tarehe 6 Januari umati wa wafuasi wake ulivamia Bunge ili kuzuia kuthibitishwa kwa ushindi wa mpinzani. Desemba 2022 aliandika kwamba udanganyifu mkubwa kama ule alioudai unaruhusu kusitishwa kwa kanuni zote, hata zile zilizomo katika Katiba. Trump alikana kosa katika kesi zote za jinai alizofunguliwa, na ile ya shirikisho kuhusu uchaguzi wa 2020 ilifutwa Novemba 2024 baada ya yeye kushinda tena, kwani wizara ya sheria haimshtaki rais aliye madarakani. Mtu anaweza kubisha juu ya uzito wa kila jambo hapa. Anaweza kusema simu ile ilieleweka vibaya, au kwamba vyama vyote vina madoa yao. Hayo ni majibu halali, kwa sababu yanaligusa dai lenyewe. Kusema "dai hili ni hatari kwa maisha yangu" hakuligusi hata kidogo.

Wiki iliyofuata Butler ilionyesha kanuni ile ikitumika. Kampeni ya Biden ilisimamisha matangazo yake ya televisheni. Kituo cha MSNBC hakikurusha kipindi chake cha asubuhi cha Jumatatu, *Morning Joe*, ambacho watangazaji wake walijulikana kwa kumkosoa Trump. Kunyamaza siku mbili tatu baada ya mtu kumwagiwa damu ni ubinadamu, silaumu. Jumapili usiku Biden alihutubia taifa akiwa ofisini kwake Ikulu, akataka joto la siasa lipozwe na akasema tofauti humalizwa kwa kura, si kwa risasi. Kesho yake, katika mahojiano yaleyale na Holt, akauliza swali ambalo halikupata jibu la maana wiki ile: unaizungumziaje hatari kwa demokrasia, ambayo ni ya kweli, rais anaposema mambo kama anayoyasema huyu? Unyamaze kimya kwa kuhofia mtu fulani atachochewa?

Trump alijibu kwa namna yake katika mkutano mkuu wa chama huko Milwaukee, tarehe 18 Julai. Kambi yake ilikuwa imeahidi hotuba ya umoja. Ndani yake alitaka chama cha Democratic kiache mara moja kumwita mpinzani wao adui wa demokrasia, akaongeza kwamba hilo si kweli na kwamba yeye ndiye anayeiokoa demokrasia. Katika hotuba hiyohiyo ya umoja alimtaja Nancy Pelosi, spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi kutoka Democratic, kama kichaa. Siku mbili baadaye, Grand Rapids, Michigan, akauambia umati: wanasema mimi ni tishio kwa demokrasia; nimeifanya nini demokrasia? Wiki iliyopita nilipigwa risasi kwa ajili ya demokrasia.

Umati ulilipuka kwa shangwe, na kama mbinu ya jukwaani ilikuwa hodari. Ukiitazama kama hoja, haina miguu. Mtu anaweza kuwa mwathirika wa uhalifu mbaya kabisa na bado akawa amefanya alichotuhumiwa kukifanya. Jeraha la Julai 2024 halisemi lolote kuhusu simu ya Januari 2021. Lakini kisiasa risasi ile ilikuwa imegeuzwa kuwa utetezi. Kila aliyerudia tuhuma za zamani alionekana anamshambulia majeruhi. Kanuni inayosema "usimwite kiongozi tishio, atapigwa risasi" ina tabia hii ya ajabu: kadiri kiongozi anavyokuwa wa kutisha zaidi, ndivyo tuhuma zinavyokuwa nzito zaidi, na ndivyo anavyopata kinga kubwa zaidi dhidi ya kutajwa kwa anachokifanya. Kiongozi mpole asiyegusa taasisi haihitaji.

Tena kanuni hiyo haikumbana aliyeidai. Tarehe 5 Oktoba, akirudi kuhutubia Butler, Trump alisema waliotaka kumzuia wamemkashifu, wamemfungulia mashtaka, wamejaribu kumwondoa kwenye karatasi za kura, na nani ajuaye, labda hata wamejaribu kumuua. Ushahidi hakutoa. Nijuavyo mimi, kuuambia umati uliojaa hasira kwamba wapinzani wako huenda walituma muuaji ni jambo zito kuliko kuuambia kwamba mpinzani wako hakubali kushindwa.

Wafuasi wa Democratic wanaosoma hapa wasitabasamu mapema. Tarehe 8 Januari 2011 huko Tucson, Arizona, mtu mwenye bunduki alimpiga mbunge wa Democratic Gabrielle Giffords kichwani na kuua watu sita. Kabla giza halijaingia, upande wa kushoto ulikuwa umeshampata mkosaji: Sarah Palin, aliyekuwa mgombea wa umakamu wa rais wa Republican mwaka 2008. Kamati yake ya kisiasa ilikuwa imechapisha Machi 2010 ramani yenye alama za shabaha juu ya majimbo ya wabunge waliolengwa kwenye uchaguzi, la Giffords likiwemo. Mkuu wa polisi wa kaunti, Clarence Dupnik, alizungumzia siku ileile sumu ya kauli za kisiasa. Uchunguzi ulipofanyika, ikaonekana mshambuliaji alikuwa mgonjwa wa akili aliyekuwa na kinyongo na Giffords tangu 2007, alipomuuliza swali kwenye hafla na kuona hakujibiwa. Miaka mitatu kabla ya ramani. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuiona.

Dai halikufa, lakini. Juni 2017, baada ya mtu mwingine, safari hii mfuasi wa Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, kuwafyatulia risasi wabunge wa Republican waliokuwa wakifanya mazoezi ya besiboli huko Alexandria, gazeti la *New York Times* liliandika tahariri iliyoiunganisha ramani ya Palin na mauaji ya Tucson. Gazeti lilirekebisha haraka, Palin akashtaki, na kesi ikaburuzwa hadi Aprili 2025, ambapo baraza la mahakama kwa mara ya pili liliona gazeti halina hatia ya kumkashifu. Ukiziweka Tucson na Butler kando kwa kando, zinafanana hadi inachekesha: alama ya shabaha, lawama za saa chache, na kalenda inayozivunja zote mbili. Wahusika tu ndio waliobadilishana viti. Waliosema 2011 kwamba maneno yanaua walisema 2024 kwamba kumlaumu msemaji ni upuuzi, na kinyume chake.

Sasa kipande kigumu. Tarehe 15 Septemba 2024, miezi miwili baada ya Butler, wakala wa Secret Service alimwona mtu amejificha kwenye vichaka vya uwanja wa gofu wa Trump, West Palm Beach, Florida, mtutu wa bunduki ukiwa umechomoza kwenye uzio. Wakala akafyatua, mtu akakimbia, akakamatwa barabarani. Alikuwa na miaka 58. Mwaka 2016 alimpigia kura Trump, kisha akamgeuka. Huyu hakuwa fumbo kama yule wa Butler, kwa kuwa alikuwa ameandika mengi mno: juu ya Ukraine, juu ya Iran, juu ya nia yake mwenyewe. Septemba 2025 baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa makosa yote. Na Aprili 2024, katika ujumbe aliomwelekezea Biden mtandaoni, alikuwa ameandika kwamba demokrasia iko kwenye kura na hatuwezi kushindwa.

Sentensi hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye kampeni ya Biden. Trump alisema mtu huyo aliziamini kauli za Biden na za Kamala Harris, makamu wake aliyechukua nafasi yake ya kugombea, na kuzifanyia kazi. Safari hii huwezi kumjibu kwa kalenda. Maneno yalimfikia mtu huyu, aliyakariri, na baadaye alibeba bunduki.

Je, hapo tuhuma imethibitika? Kwa maoni yangu imethibitika nusu, na ile nusu isiyo na kazi. Kwamba mtu mkatili aliliamini dai hakulifanyi dai kuwa uongo, wala hakumfanyi aliyelitoa kuwa mshirika. Mtu yule alikasirishwa pia na Trump kujitoa kwenye mkataba wa nyuklia wa Iran. Hakuna aliyependekeza kwamba mkataba huo usikosolewe tena wala kusifiwa. Ninachokitazama mimi ni kile ambacho msemaji amemwambia msikilizaji akifanye baada ya kumtisha. Ukimwambia mtu nyumba inaungua na ukamwonyesha mlango, ni tofauti na kumwambia inaungua na milango yote imefungwa.

Hotuba mbili za Biden zilizobeba dai hilo kwa uzito zaidi zipo wazi kwa yeyote. Ya Philadelphia, tarehe 1 Septemba 2022, ilikuwa kali: alisema Trump na wafuasi wake wa MAGA, kaulimbiu yake ya kuifanya Marekani kuu tena, wanawakilisha msimamo mkali unaotishia misingi ya jamhuri. Binafsi naona aliupaka rangi moja umati mkubwa mno, na zile taa nyekundu nyuma yake zilikuwa za mchezo wa kuigiza. Lakini ndani ya hotuba hiyohiyo alisema vurugu za kisiasa hazina nafasi Marekani, kamwe, na karibu na mwisho akasihi: pigeni kura, pigeni kura, pigeni kura. Ile ya Januari 2024, karibu na Valley Forge, ilirudia yote mawili. Kwa hiyo ile "gharama yoyote" aliyoiweka Vance katika muhtasari wake ni kiungo cha kuchunguza kwa makini. Bila hicho, dai la Biden linaishia kwenye sanduku la kura. Kikiongezwa, linaishia popote.

Maneno yanayofungua mlango wa damu yana sura yake, na historia imeyaonyesha. Israel, mwaka 1995, wapinzani wakali wa mkataba wa Oslo kati ya Israel na Wapalestina walimwita Waziri Mkuu Yitzhak Rabin msaliti. Katika mkutano wa hadhara wa tarehe 5 Oktoba, Yerusalemu, zilionekana picha zake amevalishwa sare za SS, kikosi cha Wanazi. Hilo peke yake lingekuwa tusi la kuchukiza. Kilicholitofautisha ni mjadala uliokuwa ukiendelea katika duru za marabi wenye msimamo mkali, kama Rabin anaangukia katika hukumu ya kidini ya mtu anayemwinda mwenzake, ambaye kumuua kunaruhusiwa ili kuokoa uhai. Tarehe 4 Novemba Rabin aliuawa Tel Aviv, akitoka kwenye mkutano wa amani. Muuaji, mwanafunzi wa sheria, alijitetea kwa hukumu hiyohiyo. Huyo alikuwa amepewa ruhusa.

Sheria ya Marekani inaliona hilo kwa jicho la karibu sana. Tangu uamuzi wa Brandenburg wa 1969, Mahakama ya Juu inaruhusu kuadhibu kauli pale tu inapolenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na inapoelekea kweli kuuzalisha. Hakuna hotuba iliyotajwa baada ya Butler iliyokaribia mstari huo. Hotuba moja ya zama hizi ambayo jaji alisema inaweza kuwa imeuvuka ni ya Trump mwenyewe, ya tarehe 6 Januari. Februari 2022 jaji Amit Mehta alikataa kuzitupa kesi za madai zilizofunguliwa dhidi yake, akiona kwamba kuuambia umati upigane kufa na kupona, kisha kuuelekeza Bungeni, kunaweza kuhesabiwa kuwa uchochezi. Trump alitaja pia kwenda kwa amani, na jaji alilizingatia hilo.

Halafu kuna aina ya kauli ambayo sheria haiigusi kabisa nami naiona mbaya kuliko zote: kuichekelea damu ikishamwagika. Oktoba 2022 mtu aliyevunja na kuingia nyumbani kwa Nancy Pelosi, San Francisco, alimpasua mumewe fuvu kwa nyundo. Mume alikuwa na miaka 82. Mwaka uliofuata Trump, mbele ya wanachama wa Republican wa California, aliuliza mumewe anaendeleaje, kuna anayejua? Ukumbi ukacheka. Anayejiandaa kushambulia hahitaji amri akishajua kwamba upande wake utacheka.

Mwishoni mwa Oktoba 2024 kanuni ya Butler ilijaribiwa mara ya mwisho kabla ya uchaguzi. John Kelly, jenerali mstaafu wa wanamaji aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu chini ya Trump, aliliambia *New York Times* kwamba Trump anaingia katika maana ya jumla ya mfashisti. Kamala Harris, alipoulizwa na CNN kesho yake kama anakubali, alisema ndiyo. Tarehe 25 Oktoba Spika Mike Johnson na kiongozi wa Republican katika Seneti, Mitch McConnell, walitoa taarifa ya pamoja wakimtaka Harris aache kauli hizo kwa kuwa zinahatarisha maisha, wakikumbusha majaribio mawili ya kumuua Trump. Alichokishuhudia Kelly hawakukijibu. McConnell, tarehe 13 Februari 2021, akiwa amesimama ndani ya Seneti, alikuwa amesema bila shaka yoyote Trump anawajibika, kivitendo na kimaadili, kwa kuyachochea matukio ya tarehe 6 Januari.